Gari Lenye Karne

Ruangwa, jioni

Mwanangu Zuhura,

Watu huanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako. Leo siwezi kuandika hivyo. Wewe huna cha kuhofiwa. Usukani unaushika vizuri kuliko nilivyoushika mimi nikiwa na umri wako, na wale wazee wa Kijerumani waliokuchukua uwe dereva na mkalimani wao nimewaona, ni watu wa heshima. Hofu ni kwangu. Kuna jambo nimekudanganya tangu ukiwa darasa la pili, linamhusu mjomba wako Hashimu, na kesho mnaondoka Nachingwea kwenda kuvuka daraja la Ruvuma pale Mtambaswala, muingie nchi aliyoikimbilia. Mjomba wako hakuiba gari la Mfaransa. Ufunguo nilimpa mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Nilitaka kukwambia mchana ulipokuwa unaondoka hapa nyumbani. Nilikuja hadi kwenye gari, nikakusaidia kupakia begi, nikakwambia ufunge zipu vizuri vumbi lisiingie. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Sasa nimekaa kwenye benchi la gereji, alasiri imeshapita, mama yako yuko jikoni anachoma korosho zako za njiani. Barua hii na hizo korosho atakuletea mwenye pikipiki kabla giza halijaingia.

Ya dawa za malaria, ya sweta, ya kula na watu usiowajua, mama yako keshayasema mara tatu, na alivyosema ndivyo. Mimi nina langu moja.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka Nachingwea umechangamka, ukaniambia, "Baba, karatasi za wale wazee freshi kabisa, gari lina karne." Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini nikaenda uani, nikakaa huko mpaka mama yako akauliza kama ni tumbo. Nikasema ni tumbo. Neno hilo sikuwa nimelisikia kwa mtu tangu mwaka ule lilipomharibia maisha shemeji yangu Hashimu, na sasa linatoka kinywani mwako, umefurahi nalo.

Gari lile utalikumbuka, ulikuwa hutaki kutoka ndani yake. Lilikuwa la mzee mmoja Mfaransa aliyeitwa Lui. Gari refu, rangi ya maziwa, ndani kuna kitanda, jiko, sinki, na kabati la vikombe lenye kufuli ili visiruke njiani. Watu wa Ruangwa walikuwa wanakuja kulitazama baada ya swala ya Ijumaa. Lui alikuwa ametoka nalo kwao, nchi kwa nchi, akafika huku Mbwemkuru ekseli ikakatika. Waliomvuta walimleta kwangu kwa kuwa mafundi wengine walisema ukweli, kwamba gari kama lile hawajawahi kulifungua. Mimi nilisema ninalijua.

Alikaa uani kwetu akisubiri ekseli itoke ng'ambo. Alikula kisamvu chetu, akajifunza Kiswahili cha neno mojamoja. Ekseli ilipofika nikaifunga, na kweli niliifunga vizuri, hilo silikanushi. Lakini kabla hajaanza safari akapigiwa simu kwamba mkewe ameanguka huko kwao, hali mbaya. Ilibidi apande ndege.

Alinikalisha kwenye benchi hili hili. Akatoa kitabu chenye karatasi ndefu zilizojaa mihuri, akakipiga kwa kidole. "Karne, fundi. Karne. Mwisho hapa." Akanionyesha tarehe. Akachukua kalamu akachora mto, akachora daraja, akachora gari juu ya daraja. Akanipa barua yenye jina langu, akanipa ufunguo, akanitazama machoni akisubiri. Nikatingisha kichwa. Nikasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Niliyoyaelewa ni haya. Karne niliijua tangu shule, mwalimu wa historia alituimbisha: karne ni miaka mia. Nikaona Mfaransa anajisifu, kibali cha gari lake ni cha miaka mia. Ile tarehe nikadhani ni siku atakayorudi. Ule mto nikadhani ananisimulia alikopita. Kuuliza ilikuwa rahisi. Mwalimu wetu jirani alijua Kiingereza, na Lui alikijua kidogo. Ilikuwa kuvuka barabara tu nimwite. Lakini mafundi wenzangu walikuwa wamesimama pale wananitazama, mimi niliyekuwa naitwa fundi mkubwa, nami nikaona haya kumwita mwalimu aje kunitafsiria mbele yao. Lui alipoondoka nikawageukia nikawaambia, "Mmesikia? Gari lina karne nzima." Wakaguna kwa kustaajabu. Hakuna aliyenicheka, na natamani hadi leo angekuwepo hata mmoja wa kunicheka.

Karne ya wasafiri, mwanangu, wewe umeshaijua, lakini acha niiseme kwa maneno yangu maana nimeilipia. Ni neno la Kifaransa, si miaka mia: ni jina la kitabu cha dhamana. Gari la mgeni linaingia nchini kama mgeni mwenyewe anavyoingia: lina siku zake za kukaa, na zikiisha litoke. Mwenyeji hana ruhusa ya kulitumia kwa shughuli zake, hana ruhusa ya kubebea mzigo. Likiingia, karatasi inagongwa muhuri. Likitoka, inagongwa mwingine. Ule wa kutoka usipogongwa, basi kwenye vitabu vya serikali gari bado liko ndani, hata kama wewe umeshafika nalo nchi ya tatu na unakula zako chakula. Lui alikuwa ananiomba niliendeshe safari moja tu, kutoka Ruangwa hadi darajani, kabla ya ile tarehe, na upande wa pili rafiki yake angekuja kulichukua baadaye. Ile barua ilikuwa ya ruhusa ya safari hiyo moja. Mimi niliikunja nikaiweka kwenye Kurani ya marehemu baba, nikidhani nimepewa heshima.

Akawa ananiandikia ujumbe kwenye simu. Ulikuja wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa Kiingereza. Niliona jina langu mwanzoni na jina lake mwishoni, nikajua ni salamu. Kila ujumbe nikajibu neno moja: Sawa. Baadaye, nilipoitwa ofisi ya forodha, walinisomea. Wa kwanza aliuliza kama gari liko tayari kwenda darajani. Wa pili aliuliza kama limevuka. Wa tatu alishukuru kwamba limevuka, akasema mkewe amefariki, na kwamba mimi ni rafiki wa kweli. Nilimjibu mtu aliyefiwa na mkewe "Sawa". Bwana aliyekuwa akinihoji huko alinisomea ujumbe huo polepole, kisha akanisomea jibu langu, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ndiyo maana nilikukaripia juzi ulipokuwa unamjibu yule mama wa Kijerumani "yes, yes" kwenye simu huku unaosha vyombo. Ulinuna, ukasema baba ana gubu. Ninalo. Lakini ukifika kwenye dirisha la forodha, upande wetu au upande wa Kireno, na mtu akakwambia kitu usichokielewa, mwambie hujaelewa. Mwambie tena. Waache walio nyuma yako wagune, waache hao wazee waone dereva wao hajui kila kitu. Aibu ya pale dirishani utaimaliza kabla hujafika kwenye gari. Ya kwangu mimi nimeamka nayo leo asubuhi.

Sasa nifike kwa Hashimu.

Msimu wa korosho ulikuwa umefika. Bibi yako, mama wa mama yako, alikuwa na korosho zake Chiola, magunia yamekaa ndani na magari yote yameshachukuliwa na wenye haraka kuliko yeye. Hashimu alikuja hapa akaniuliza kama najua gari la kukodi. Alikuwa kijana mpole, unajua sauti ya mama yako anapoomba kitu, basi ndiyo hiyo hiyo. Hakuomba gari la Lui. Sikiliza vizuri hapo, maana kwa miaka yote mmeambiwa vingine. Alitaka Canter. Ni mimi niliyeuchomoa ufunguo mfukoni nikamrushia, nikasema, "Chukua hili, toa kile kitanda upakie. Halina tatizo, lina karne." Aliudaka akasita, akaniuliza, "Shemeji, mwenyewe hatakasirika?" Nikamwambia mimi ndiye mwenyewe mpaka atakaporudi.

Walimsimamisha njiani akirudi kutoka Chiola, polisi pamoja na watu wa forodha. Gari la kigeni, namba za kigeni, siku zake zimeisha miezi mingi, ndani hakuna mtalii, kuna magunia ya korosho. Walimshusha hapo hapo. Gari likapelekwa kwenye ua wa ofisi, na huko likakaa mpaka nyasi zikaota hadi kwenye madirisha. Lui alinyang'anywa dhamana yote aliyoweka kwao. Hilo nalo ni langu.

Mimi niliitwa kesho yake kutoa maelezo. Nilikwenda nimevaa kanzu, sijui nilidhani kanzu itanisaidia nini. Yule bwana wa forodha, mwenye miwani, aliniuliza mambo mengi, na hapo ndipo nilipojua karne ni nini. Alinieleza huku anacheka, akamwita mwenzake chumba cha pili aje asikie. Wakacheka wote wawili. Ningekuwa mtu, ningecheka nao kisha niseme, nimekosea, ufunguo nilitoa mimi, mwacheni shemeji yangu. Lakini kile kicheko kilinikausha. Nikaona nitatoka pale nikiwa mjinga na mkosaji vyote kwa pamoja. Basi bwana yule akafuta macho, akashika kalamu, akauliza, "Sasa, ufunguo aliupataje?"

Nikasema, "Aliuchukua."

Unaona nilivyofanya? Sikusema aliiba. Sikusema nilimpa. Na kweli aliuchukua, si nilimrushia akaudaka? Nimejikosha na neno hilo miaka yote. Nikiwa naswali nalisema, nikiwa chini ya gari nalisema: mimi sikusema ameiba, waliandika wao. Lakini nilimwona bwana yule akiandika, na nilijua anachoandika, na nikaweka sahihi chini yake. Hakuna aliyenishika mkono.

Hashimu alikaa mahabusu muda mrefu. Alipotoka alikuja hapa. Mama yako alikuwa mlangoni, kasimama, kajifunga khanga kiunoni, tayari kwa ugomvi, maana alishaambiwa na mimi kwamba kaka mtu kaaibisha ukoo. Hashimu hakuingia. Alisimama pale kwenye mchongoma akaniuliza mbele ya dada yake, kwa upole ule ule, "Shemeji, nilichukua?" Nilikuwa na spana mkononi. Nikainama nikaendelea na kazi. Mama yako akamwambia aondoke, asije kukanyaga hapa tena. Akaondoka siku hiyo hiyo, akavuka Ruvuma. Wachuuzi wa ufuta wanasema yuko Montepuez, ana gereji yake ndogo, ana mke Mmakua na watoto. Jina lake humu ndani halijatajwa tena, mnalijua.

Bibi yako alikufa Chiola bila kumwona mwanawe.

Na wewe nilikuibia mjomba. Kwetu Wamwera mtoto huulizwa wajomba zake kabla ya kuulizwa baba yake, hilo hujafundishwa na mtu, umelikuta. Mwaka jana ilipoletwa posa yako, wale wazee wakakaa kwenye mkeka wakauliza mjomba yuko wapi wazungumze naye. Ukatoka mwenyewe ndani, na binti haruhusiwi kutoka, ukasema uso mkavu, "Mimi sina mjomba. Niliyekuwa naye ni mwizi." Waliondoka bila kunywa chai, na posa ikafia hapo. Mama yako alikusifu kwa kusema ukweli. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikajitia kukohoa. Ulilia siku tatu, ukasema hulii kwa ajili ya yule mwanamume. Naijua hiyo safari yako na hao wazungu imetokana na nini. Unakimbia mji ambao mjomba wako ni mwizi, na mwizi uliyekuwa unakaa naye humu ndani ni mimi.

Sikuandikii ili unisamehe. Nina hasira na mtu yeyote anayesamehe haraka. Nakuandikia kwa sababu kesho utatia sahihi. Umeniambia wale wazee wamekuandika dereva wa pili kwenye karatasi zao, na pale mpakani utaandika jina lako chini ya maneno ya watu wengine. Soma kwanza. Kama kuna mstari wa Kireno, muulize mtu wa kwanza, kisha muulize na wa pili bila yule wa kwanza kusikia. Wakikwambia upakie ufuta wa mtu hata kilo moja kwa sababu gari lina nafasi, kataa, hata akiwa ni ndugu yako, hata akiwa analia. Na siku gari likipata shida ukaulizwa wewe nani alifanya nini, kumbuka kuna neno litakalokuja mdomoni haraka, fupi, halina uongo ndani yake, na linakuweka wewe pembeni. Hilo liache. Sema lile refu.

Nimesimama kidogo hapa, Zuhura. Nimesoma nilichoandika, nikaona nafanya yale yale. Nakwambia wewe uliyeko Nachingwea kwa karatasi, na yule aliye jikoni, hatua kumi na tano kutoka hapa, sijamwambia. Nimekwenda.

Alikuwa anapepeta korosho. Nimemwambia yote nikiwa mlangoni: ufunguo, ofisi, lile neno. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akauliza, "Zuhura anajua?"

Nikasema ndiyo kwanza namwandikia.

"Umeanza na mtoto," akasema.

Akauliza tena, "Mama alipokuwa anakata roho pale Chiola, wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwangu. Ulimsikia anamwita Hashimu?"

Nikasema nilimsikia.

"Na mimi ulinisikia namwambia, mama, mwache huyo, kakuaibisha?"

Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini. Nilitegemea atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akanawa mikono, akaingia chumbani, na mimi nikabaki nazitazama korosho. Alipotoka alikuwa na lile begi dogo la msibani na kitambulisho chake mkononi.

Kwa hiyo barua hii haiji na mwenye pikipiki peke yake. Anayekuletea ni mama yako. Waombe wale wazee nafasi mpaka Montepuez. Mambo ya hati yake ya kuvukia mtayauliza Uhamiaji wenyewe, mimi siyajui na sitajifanya nayajua. Amesema nikuandikie hili kabla sijafunga: kwenye fomu ya upande wa pili kuna sehemu wanauliza mwenyeji wako ni nani, mahali ambapo ulipanga kuandika huna. Andika Hashimu, jina la baba yake mama yako atakutajia, na chini yake andika mjomba.

Nimemuuliza atarudi lini. Amesema niandike haraka, pikipiki inamsubiri.

Baba yako